Shamba Lako Lisiwekwe Rehani Ukiwa Mbali

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu, Nduta au Lusenda, leo tuzungumze juu ya shamba uliloliacha Nyanza-Lac, Rumonge au popote kando ya Ziwa Tanganyika.

Wazee wetu wanalijua jambo hili. Wengi waliokimbia mwaka 1972, waliporudi walikuta michikichi yao inavunwa na watu wengine, na baadhi ya watu hao walikuwa na karatasi za serikali mkononi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Muda wa tume hiyo uliisha mwaka 2022. Kwa hiyo kuzuia ni rahisi kuliko kudai.

Je, shamba linaibiwaje kwa karatasi? Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliruhusu komini kutoa cheti cha ardhi. Kabla ya kukitoa, watu hutangaziwa, na kamati huenda shambani kuangalia mipaka mbele ya majirani. Mwenye pingamizi husema hapo. Lakini wewe uko kambini, tangazo hulisikii. Tuseme shamba umemwachia shemeji. Anadai ni lake, majirani wawili wanamuunga mkono, cheti kinatoka kwa jina lake.

Cheti hicho kinaweza kuwekwa rehani. Shemeji anakopa, halafu halipi. Mkopeshaji hakujui wewe. Anajua jina lililo kwenye cheti. Anadai shamba liuzwe kwa mnada ili deni lilipwe. Siku ukirudi, unamkuta mtu wa tatu aliyelinunua kwa fedha zake. Kesi iliyokuwa ya watu wawili sasa ina watu wanne.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Ufanye nini ukiwa hapa kambini?

Kwanza, andika shamba lako leo. Taja kolini, majirani wa pande zote, mto au njia inayopakana nalo, nani alipanda michikichi na mwaka gani. Andika majina ya wazee wanaolijua shamba na bado wako hai. Kama una karatasi yoyote, ipige picha kwa simu na umpe mtu mwingine nakala.

Pili, unayemwachia shamba mwandikie, hata kama ni ndugu wa damu. Andika: “Alime na avune, haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani.” Mashahidi watie saini, na kila upande ubaki na nakala. Kama unakodisha, andika kuwa ni kukodisha, na kwa misimu mingapi.

Tatu, usitie kidole gumba kwenye karatasi usiyosomewa, na usitie saini kwenye karatasi tupu. Kuna walioambiwa ni karatasi ya kukodisha, kumbe ni ya kuuza.

Nne, mtume mtu wa pili, asiyekaa shambani mwako, aulize kwenye ofisi ya ardhi ya komini kama kuna aliyeomba cheti. Akikuta ombi, pingamizi lipelekwe kwa maandishi kabla cheti hakijatoka.

Tano, ukisikia shamba linadaiwa deni, usingoje mnada. Mjulishe mkopeshaji na mahakama kwa maandishi kwamba shamba lina mwenyewe. Ofisi ya ulinzi kambini ikueleze wapi utapata msaada wa sheria.

Na wewe mama uliyefiwa na mume, andika pia majina ya watoto. Mara nyingi mjane ndiye anayeambiwa hana shamba.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni ya leo keti na wanao, uwaulize: wanaijua mipaka ya shamba letu?

Kwaheri, ndugu msikilizaji.

(Muziki wa kufunga.)