Ndani ya faili la exe kuna nini?

Skripti fupi ya Python inaweza kusoma mafaili ya Excel ya matawi yote ya SACCOS, ikajumlisha marejesho ya mikopo na kutoa orodha ya waliochelewa. Kwa aliyeiandika inakwenda vizuri. Tabu huanza pale mhasibu anapoitaka kwenye kompyuta yake: hana Python, hana maktaba ya pandas, na lile dirisha jeusi la kuandikia amri hataki hata kuliona. Anataka kitu cha kubofya mara mbili kikafunguka.

Wengi hukimbilia PyInstaller. Unaandika pyinstaller marejesho.py, unasubiri kidogo, na ndani ya folda ya dist unaikuta programu. Hapo watu hudhani skripti imegeuzwa kuwa lugha ya mashine, kama zinavyogeuzwa programu za C. Sivyo. PyInstaller huipitia skripti, hukusanya kila maktaba iliyoitwa kwa import, kisha huzifungasha pamoja na injini yenyewe ya Python. Ni mgeni aliyekuja na jiko, sufuria na mpishi wake: hakuombi kitu, ila sebule imejaa. Ndiyo maana skripti ya kilobaiti chache hutoka na megabaiti kadhaa, na ikiwa na pandas hufika makumi.

Ukiongeza --onefile, vyote huingia kwenye faili moja, na kwenye flashi linapendeza. Lakini kila likifunguliwa hutengeneza folda ya muda, ambayo jina lake huanza na _MEI, humwaga humo mzigo wote, ndipo kazi ianze. Kwenye kompyuta kuukuu mhasibu atabofya, aone kimya, abofye tena, mwishowe zifunguke programu mbili. Baya zaidi, ukihifadhi hesabu zake ndani ya folda hiyo, programu ikifungwa folda inafutwa pamoja nazo. Humo ziwekwe picha na violezo tu, tena vitajwe kwa --add-data wakati wa kufungasha. Kazi ya mtumiaji iandikwe kwenye Documents. Mimi huacha --onefile kabisa. Nachukua folda nzima ya programu iliyomo kwenye dist, naitengenezea kisakinishi kwa Inno Setup, na mhasibu anapata alama ya kubofya kwenye skrini yake.

Kuna na suala la antivirusi. Waandishi wa virusi nao hutumia PyInstaller, kwa hiyo programu safi huweza kushikwa kwa kufanana tu na za wahalifu. Kutia saini ya kidijitali husaidia, ingawa cheti chake ni cha kulipia. Kumwambia mtumiaji azime antivirusi si ushauri wa fundi.

Programu ya Windows lazima ifungashwe kwenye Windows, ya Mac kwenye Mac. Na kama ofisini bado kuna Windows 7, Python 3.9 na zilizofuata hazifanyi kazi humo, hata zikifungashwa.

Nenosiri la hifadhidata usilifiche ndani ya exe. Zipo zana za kuifungua na kusoma kilichomo. PyInstaller ilikuwa na chaguo la kusimba msimbo, likaondolewa kwenye toleo la 6.0 mwaka 2023. Kinga yake ilikuwa ndogo: ufunguo wenyewe ulikuwa unasafiri ndani ya kifurushi kilekile. Anayetaka msimbo ugeuzwe kweli atazame Nuitka, inayoupeleka kwanza kwenye C, ila awe na subira: kujenga huchukua muda.

Jaribio la maana hufanyika kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa Python. Ya kwako ina kila kitu, hivyo inaficha kasoro. Pandas, kwa mfano, huiita maktaba ya openpyxl pale tu inapofungua faili la Excel, kwa hiyo PyInstaller huweza kuiacha nyuma. Itaje kwa --hidden-import. Na toleo la majaribio ulijenge bila --windowed, chaguo la kuficha dirisha jeusi, ili likianguka, dirisha hilo likuonyeshe maktaba iliyokosekana.