Mapambo ya Mti wa Krismasi kutoka Shambani

Mwezi wa Disemba unapokaribia, maduka ya mijini hujaa mipira ya kung'aa na nyuzi za rangi ya fedha, na wazazi wengi hudhani kwamba mti wa Krismasi usiokuwa na vitu hivyo ni mti wa maskini. Sivyo ulivyoanza. Desturi hii ilitoka katika nchi za Wajerumani, na habari iliyoandikwa katika mji wa Strasbourg mwaka 1605 yaeleza miti iliyotundikwa matofaa, mikate myembamba na maua ya karatasi. Mipira ya kioo ilikuja baadaye sana, katika karne ya 19, kutoka kijiji cha Lauscha. Kwa hiyo mama anayepamba mti kwa vitu vya shamba lake anafuata desturi ya kale kuliko yule anayenunua.

Mti wenyewe si shida. Katika nyanda za juu za Kenya watu wengi wana ua wa saipresi, mti ulioletwa kutoka Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na tawi moja lililopunguzwa uani latosha kusimamishwa katika debe la mchanga wenye maji. Pwani, tawi la mvinje lafaa vilevile. Lakini mtu asiingie katika msitu wa serikali kukata mche bila kibali, kwa kuwa jambo hilo ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2016.

Watoto wadogo wapewe kazi ya kuokota. Chini ya saipresi wataona vijitunda vigumu vya mviringo, ukubwa wa gololi, vilivyopasuka kwa jua. Chini ya mjakaranda wataona maganda bapa yaliyofunguka kama mdomo. Vitu hivi havihitaji ila kufutwa vumbi na kufungwa uzi wa katani.

Pambo lililo bora kupita yote hutoka katika hindi. Yachukuliwe maganda ya ndani, yaliyo laini na meupe, yalowekwe katika maji ya uvuguvugu mpaka yalegee, kisha yachanwe vipande vyenye upana wa kidole. Vipande vitatu vikipishanishwa katikati na kukazwa kwa katani, ncha sita hutokea, nazo zikichongwa kwa mkasi huwa nyota. Nyota hiyo ilazwe chini ya kitabu kizito mpaka asubuhi, ama sivyo itajikunja. Anayetaka rangi achemshe maganda pamoja na manjano ya kupikia, au majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Wako watu wanaokanda unga wa ngano na chumvi na kuufinyanga kuwa mapambo. Si vibaya, lakini katika nyumba ambayo unga hupimwa kwa kikombe, udongo wa mfinyanzi hufanya kazi ile ile bila kupunguza chakula cha mtu.

Kisha kuna shanga za mbegu, na hapa mzazi hana budi kuwa macho. Punje za mahindi zikilowekwa usiku kucha hupenya sindano kwa urahisi, na mbegu za boga hazihitaji hata kulowekwa. Lakini mtoto aliyetumwa vichakani mara nyingi hurudi na mbegu nzuri kuliko hizo: nyekundu kama damu, zenye doa jeusi upande mmoja. Hizo ni mbegu za mturituri, na ndani yake mna sumu kali mno. Mbegu nzima ikimezwa, ganda lake gumu mara nyingi huizuia sumu, nayo hupita tumboni bila madhara. Iliyotafunwa au kutobolewa haina tena kizuizi hicho. Basi kuitoboa kwa sindano ili kuifanya shanga ni kuufungua mlango uliokuwa umefungwa. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana, na dalili zake, yaani kutapika na kuhara damu, huweza kuchelewa saa nyingi, hata mzazi akadhani hatari imepita. Mtoto anayeshukiwa kuila apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mbegu iliyobaki, bila kungoja augue. Mbegu za mbarika, zenye madoadoa ya kupendeza, zina hatari iliyo karibu sawa na hiyo. Zote mbili zisiingie nyumbani.

Hata punje ya hindi huweza kumkaba mtoto mchanga, basi shanga zitundikwe juu, na nyota za maganda chini anapofikia. Mishumaa isiwekwe kabisa katika matawi, kwani jani kavu la saipresi lina mafuta, tena maganda ya mahindi huwaka kama karatasi.

Sikukuu zikiisha, vijitunda na nyota vihifadhiwe katika mkebe wenye kifuniko, mahali pakavu, visiliwe na panya. Shanga za mahindi hazikai mwaka, kwa sababu fukusi huziingia. Zivuliwe uzi, nazo kama hazikutiwa rangi watoto wawamwagie kuku.