Kifafa na Swali la Ufahamu wa Mwanadamu

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwenye kifafa anapoanguka karibu na mafiga, wapo wanaosita kumshika, wakidhani kwamba povu lake huambukiza. Milima ya Upare haikusalimika na hofu hiyo. Hatukusudii hapa kuandika juu ya tiba peke yake, bali tunauliza: dakika ile mtu amelala chini, ufahamu wake umekwenda wapi?

Wengi hudhani kwamba ubongo wake umezimika. Mambo ni kinyume. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, alifaulu mwaka 1924 kurekodi umeme wa ubongo wa mwanadamu kwa waya zilizowekwa kichwani, akatangaza kazi yake mwaka 1929. Kipimo hicho huonyesha kwamba wakati wa degedege la kifafa mawimbi ya umeme huwa makubwa kuliko kawaida, kwa sababu seli nyingi mno za neva hutoa ishara kwa pamoja.

Msomaji wa wilaya ya Same ataelewa kwa mfano wa ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yagawanywe kwa zamu. Wote wakifungua mifereji yao saa ile ile, maji ni yale yale, lakini hakuna shamba linalonyweshwa ipasavyo. Vivyo hivyo ufahamu hautegemei wingi wa umeme, bali mpangilio wake: sehemu mbalimbali za ubongo kusema mambo tofauti, na bado kusikilizana.

Hata wingi wa seli si hoja. Katika seli za neva zipatazo bilioni 86, zilizo nyingi zaidi zimo katika ubongo mdogo wa nyuma, unaoratibu mwendo. Hata hivyo wako watu waliozaliwa bila sehemu hiyo nao wana ufahamu. Kinyume chake, jeraha dogo katika shina la ubongo laweza kumlaza mtu asiamke. Moruzzi na Magoun walionyesha mwaka 1949 kwamba shina hilo ndilo linaloamsha gamba la ubongo.

Tena kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto darasani hukatiza sentensi, hukodoa macho kwa sekunde chache, kisha huendelea. Mawimbi yake huwa kama matatu kwa sekunde, yakizunguka kati ya gamba na thalamasi iliyo katikati ya ubongo. Mwalimu asiyejua humchapa kwa uvivu! Mwingine huona mkono wake ukitetemeka wenyewe huku akijua yote, kwa kuwa dhoruba haikuenea.

Je, tumeeleza ufahamu? Tumeeleza masharti yake. Kwa nini umeme wa seli uambatane na hisia za mtu anayejiita "mimi", hilo mwanafalsafa David Chalmers aliliita mwaka 1995 tatizo gumu, na ugumu wake haujaondoka. Mwanatheolojia asikimbilie kuiweka roho katika pengo hilo. Mapengo ya namna hiyo yana desturi ya kujazwa.

Biblia ya Union yenyewe hutumia neno kifafa katika Mathayo 17:15, kwa kijana aangukaye motoni na majini. Marko 9 husema juu ya pepo. Hatuoni kwamba mchungaji analazimika kuchagua kati ya sala na dawa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitumia fenobabitoni, dawa ambayo huimarisha ishara za kuzuia kati ya seli, hata zamu zirudi. Wapo wanaoombewa kisha wakaambiwa waache vidonge siku ile ile. Dawa hiyo ikikatwa ghafula, degedege laweza kufuatana na jingine bila ufahamu kurudi katikati, na mgonjwa aweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali.