Meli za vita zinapobeba chakula badala ya vifaru

Aliyewahi kuvuka Likoni anaujua ule mlango mzito wa feri unaoshushwa mpaka ukagusa saruji, kisha magari, mikokoteni na umati wa watu ukamiminika nchi kavu. Sasa, msomaji, hebu iondoe ile saruji. Weka mchanga mtupu, mawimbi, na maelfu ya watu wenye njaa wanaotazama baharini. Chombo kinachoweza kufika hapo na kuufungua mlango wake ni jamaa wa feri ya Likoni, ila chenyewe kilizaliwa vitani. Kazi yake ni kushusha askari na vifaru ufuoni pasipo na bandari. Kwa umbo ni tishali tu: bapa chini, mlango mbele, injini nyuma.

Thamani yake wakati wa amani ilionekana Bangladesh. Usiku wa Aprili 29, 1991, kimbunga kiliipiga pwani ya nchi hiyo karibu na bandari ya Chittagong. Upepo ulivuma kwa kasi ya kilomita 240 hivi kwa saa. Bahari nayo iliinuka kiasi cha mita sita, ikavifunika visiwa vilivyo tambarare kama sinia. Watu wapatao 138,000 walikufa. Walionusurika walijikuta juu ya tope, nyumba hazipo, mifugo imekufa na visima vimeingia maji ya chumvi.

Ajabu ni kwamba msaada ulikuwapo, lakini haukuwa na njia. Barabara na madaraja yalikuwa yamesombwa, na mashua za wavuvi zimevunjikavunjika. Helikopta zilikuwa chache, na helikopta hata iwe na nguvu vipi hubeba tani chache tu kwa safari moja.

Wakati huohuo msafara wa manowari za Marekani ulikuwa ukirejea kwao kutoka Vita vya Ghuba. Ukaamriwa ugeuze njia, na katikati ya Mei ukatia nanga nje ya Chittagong chini ya uongozi wa Meja Jenerali Henry Stackpole. Serikali ya Bi Khaleda Zia ilikuwa na miezi michache tu madarakani, na hakuna taifa linalofurahia kuona majeshi ya kigeni yakipiga kambi kwake. Stackpole alilielewa jambo hilo. Aliamuru askari wasiozidi 500 ndio walale nchi kavu. Wengine walifanya kazi mchana na usiku wakarudi melini. Inasimuliwa kwamba wenyeji walipowaona wakitokea baharini na chakula waliwaita malaika, na ndipo operesheni hiyo ikapewa jina la Malaika wa Bahari.

Lakini kutoka melini hadi ufuoni ndiko kulikokuwa na kazi. Pwani ile imejengwa na tope la mito ya Ganges na Brahmaputra, na maji ni haba hata mbali na nchi kavu. Meli kubwa ikithubutu kusogea itakwama. Ndipo vyombo bapa vikafanya kazi ya punda.

Kuna ufundi hapo ambao wavuvi wetu wa Lamu watautambua mara moja. Kabla ya kugusa mchanga, mabaharia huangusha nanga kutoka tezi, kisha chombo kikaenda mbele huku kamba ikifunguka, mpaka omo ipande ufuoni. Mlango hulazwa, malori yakashuka. Wakati wa kuondoka, injini hurudisha nyuma na kamba ya nanga ikavutwa, chombo kikajinasua. Saa nayo huchaguliwa: afadhali kufika maji yakiwa bado yanajaa. Nahodha akichelewa, yakaanza kupwa, atapwelewa na kukaa juu ya mchanga kama jahazi bovu, akingoja maji yarudi.

Wamarekani walikuwa pia na aina mpya zaidi, inayoelea juu ya mto wa hewa. Hiyo haijali tope wala kupwa kwa maji. Hubeba tani 60, hukimbia kilomita 70 na zaidi kwa saa, na hupanda ufuo hadi nchi kavu yenyewe. Kwa hesabu ya jeshi la majini la Marekani, inaweza kufika zaidi ya asilimia 70 ya fuo za dunia, na mashua za kawaida ni kama asilimia 15 tu. Gharama yake ni mafuta mengi, na kelele za kumtia mtu uziwi.

Chanzo cha vyombo hivi hakina uhusiano na huruma. Andrew Higgins wa New Orleans alikuwa akiunda mashua za kupita katika vinamasi vya Louisiana. Mlango wa mbele uliigwa kwa Wajapani, baada ya ofisa kijana, Victor Krulak, kuzipiga picha mashua zao huko Shanghai mwaka 1937. Juni 6, 1944, mashua za Higgins zilishusha askari Normandy, na wengi wao walikufa hatua chache tu kutoka kwenye mlango.

Miaka 60 baadaye kazi ilikuwa ile ya Bangladesh tena. Tsunami ya Desemba 26, 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hadi kwetu na kumuua mtu mmoja, ilikata barabara ya pwani ya magharibi ya Aceh, Indonesia. Singapore ikatuma meli yake RSS Endurance hadi mji wa Meulaboh. Hapo mahandisi walilazimika kwanza kutafuta na kusafisha mahali ambapo mashua zingeweza kugusa nchi kavu.

Sisi nasi hatukukosa. Mwaka 1994 Jeshi la Wanamaji la Kenya lilipokea meli mbili za aina hii zilizojengwa Uhispania, zenye urefu wa mita 60 na ushei, zikapewa majina ya mito yetu, Galana na Tana. Tatizo la pwani yetu si tope bali ni mwamba. Kwa sehemu kubwa umeizingira pwani kama ua, na nahodha anayepeleka unga ufuoni hana budi kwanza kujua milango yake iko wapi.