UZI: Sarafu moja ya Afrika Mashariki. Tunabishania picha au usukani?

Kila mjadala huu ukirudi kwenye TV, mmoja anasema shilingi ndiyo utambulisho wetu, mwingine anajibu sisi ni ndugu, mipaka ililetwa na mkoloni. Makofi, tunaenda kulala. Swali lenyewe halijaguswa.

Historia kidogo. Tulishakuwa na sarafu moja. Kuanzia 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi ya Afrika Mashariki, hadi 1966 kila nchi ilipoanza kutoa noti zake. Lakini tusidanganyane, bodi ya ile sarafu iliundwa London na shilingi ilifungwa kwa pauni. Anayetamani umoja wa zamani akumbuke nani alikuwa ameshika usukani.

Picha kwenye noti si shida kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, tayari inakataza sura ya mtu. KICC ikitoka tutanuna wiki mbili, tutazoea.

Shida iko hapa. Unakumbuka Januari 2024, dola moja karibu bob 160? Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Pamoja na pesa za Eurobond mpya, shilingi ikapata nguvu. Mwenye mkopo naye akalia. Upende usipende, uamuzi ulifanywa Nairobi kwa kuangalia hali ya Kenya. Sarafu ikiwa moja, riba itaamuliwa na benki kuu ya jumuiya, ikiangalia Kenya, Burundi, Kongo na wengine kwa mpigo.

Ugiriki waliionja kuanzia 2010. Deni liliwalemea na hawakuwa na sarafu yao ya kushusha thamani, maana walikuwa kwenye yuro. Mishahara na pensheni zikakatwa.

Sasa, usiniweke upande wa wanaopinga. Mama anayevuka Busia na nyanya hupoteza pesa kila akibadilisha noti, na hiyo hasara ni ya kila siku.

Itifaki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likiwa 2024. Sasa tunaambiwa 2031. Kuna masharti ya kutimiza kwanza: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti asilimia 3 ya pato la taifa, deni asilimia 50. Kwa deni, Kenya imeshapita.

Kwa hivyo mtu akikwambia ni majirani wanaotuchelewesha, muulize hiyo ya deni kwanza.