Jua au upepo? Tundika kitambaa kabla hujauza ng'ombe

Je, msomaji, kama ungekuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, nawe ukaamua kumwuza ili nyumba yako ipate stima, fedha hizo ungezitia kwenye jua au kwenye upepo?

Swali hili si la mzaha. Nusura livunje maelewano katika boma moja la Mosocho, si mbali na mji wa Kisii, ambako nilifika kumjulia hali mwalimu mmoja mstaafu. Mwenyewe aliomba jina lake lisiandikwe, kwani mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Lakini alikubali kisa kisimuliwe, huenda kikamfaa mwingine.

Ikiwa hujafika Mosocho, ni vyema kwanza uijue mandhari yake. Ni nchi ya vilima na migomba, na mvua haikosekani kwa muda mrefu. Mashamba yamerithiwa na kugawanywa hata yakawa vipande vyembamba, virefu, vinavyoanzia juu kilimani na kuteremka hadi mtoni. Nyaya za stima hufuata barabara, huko juu. Nyumba ya mwalimu iko chini, karibu na mto.

Mradi wa serikali ulioanza mwaka 2015 ulipunguza ada ya kuunganishiwa stima kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, lakini ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Nyumba ya mwalimu ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Basi jioni zao zikabaki kuwa za taa ya mafuta, na kitinda mimba wao, binti aliye shule ya upili, akawa anasoma huku macho yakimwasha kwa moshi.

Ni mama wa nyumba aliyekata shauri. Ng'ombe alikuwa wake, na maziwa yake ndiyo yaliyonunua sukari na sabuni. Alisema auzwe, ila fedha zisipotee. Hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Kifungua mimba wao ni fundi wa kuchomelea vyuma jijini Nairobi. Alikuwa ametazama filamu ya mwaka 2019 kuhusu William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi ambaye mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 14, alitengeneza kinu cha upepo kwa baiskeli kuukuu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akawasha taa nyumbani kwao. Kijana akamwambia baba yake kwamba Mosocho upepo si haba, kwa maana kila msimu huezua mabati ya watu. Jua nalo, akasema, hufichwa na mawingu. Mwalimu akavutiwa. Mama akanyamaza.

UPEPO UNA HESABU YAKE

Tukubali kwanza kwamba upepo ni mali. Huko Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, mitambo 365 imesimama karibu na Ziwa Turkana ikiwa na uwezo wa megawati 310, na stima yake ilianza kuingia katika gridi ya taifa mwaka 2018. Vilima vya Ngong vilipata mitambo yake ya kwanza mwaka 1993. Hata mkazi wa Kisii mjini anapowasha taa, sehemu ya stima hiyo huenda ni upepo wa Turkana.

Lakini Loiyangalani si Mosocho. Kule upepo hupita kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, mithili ya maji yanayobanwa kwenye mfereji mwembamba. Hubanwa, ukazidi mwendo, tena karibu kila siku. Mosocho hakuna mfereji wa namna hiyo. Upepo unaoezua mabati ni upepo wa dhoruba. Mchana, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda miinuko, hupoa na kujenga mawingu. Alasiri huja radi na mvua ya mawe. Upepo huvuma kwa kishindo kwa kitambo kifupi, kisha migomba hutulia tuli.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 8. Ukipungua nusu, nguvu hubaki sehemu moja tu kwa nane.

Chukua kinu ambacho mabawa yake yakizunguka hufanya duara lenye upana wa mita 2. Upepo wa mita 6 kwa sekunde ukivuma, kinu hicho kwa makadirio hutoa wati 85. Ukivuma usiku na mchana, utapata kama wati-saa 2,000 kwa siku. (Balbu ya wati 5 ikiwaka kwa saa 1, hiyo ni wati-saa 5.) Upepo ukishuka hadi mita 3 kwa sekunde, kinu kile kile hutoa wati 10 hivi, yaani kama wati-saa 240 kwa siku nzima, nayo ni ikiwa hautakoma hata kidogo. Isitoshe, vinu vingi ndipo vinapoanza tu kuzunguka.

Si hayo tu. Mafundi wa upepo wana kanuni kwamba mabawa yawe juu kwa angalau mita 9 kupita kitu chochote kilicho umbali wa mita 100 hivi kuzunguka kinu, ama sivyo upepo hufika umevurugika. Mosocho kuna mikaratusi mirefu kila upande. Mlingoti ungepaswa kupita mita 30, ushikiliwe kwa kamba za chuma zilizotandazwa pande zote na kukitwa ardhini. Katika shamba jembamba kama la mwalimu, kamba hizo zingeingia kwa ndugu wa kulia na jirani wa kushoto. Na mambo ya mpaka wa shamba, msomaji, wajua mwenyewe yanakoishia.

KITAMBAA CHA LESO

Mama wa nyumba hakuzijua hesabu hizi, lakini alitaka kuona kwa macho. Alichana leso kuukuu, akafunga kipande kwenye ufito mrefu palipo wazi, akamwambia binti aandike katika daftari kila siku saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni na saa 3 usiku, muda wa wiki sita.

Bila kujua, alikuwa akifuata njia ya mabaharia. Mwaka 1805 ofisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga vipimo vya upepo kwa kutazama tu unavyofanya kazi. Baadaye viliongezewa dalili za nchi kavu, nawe waweza kuvitumia nyumbani:

Majani yakichakarisha na uso kuhisi upepo, mwendo ni kati ya mita 1.6 na 3.3 kwa sekunde. Huo haufai kitu kwa stima.

Majani na vijiti visipotulia, na kitambaa chepesi kikinyooka, ni kati ya mita 3.4 na 5.4. Hapo kinu huanza kufanya kazi, lakini kwa unyonge.

Vumbi na makaratasi yakipeperuka na matawi madogo kuyumba, ni mita 5.5 hadi 7.9. Huo ndio upepo wa kununulia kinu, mradi uvume saa nyingi kila siku.

Daftari la binti lilijaa neno moja, "kimelala". Kitambaa kilinyooka alasiri chache, mvua ilipokaribia. Asubuhi na usiku kilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kijana aliporudi nyumbani na kulisoma, hakubisha tena.

JUA NALO LINA MASHARTI

Usidhani basi kwamba jua ni la kujinunulia kiholela. Kijana alisema kweli kuhusu mawingu, na hapo ndipo wengi huumia. Hununua paneli moja ndogo kwa kuangalia siku za jua kali, mvua zikianza Machi taa huzimika saa 2 usiku, nao hulaumu sola.

Kanuni ni kupima mahitaji yako, kisha kununua kwa kufuata mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Mwalimu na jamaa yake walifanya hivi. Balbu 5 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 125. Simu 3 ni kama 30. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Jumla ni 335. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea katika nyaya na betri, hesabu paneli itoe 480 hivi. Mwezi wa mawingu, chukulia kwamba siku nzima ina thamani ya saa 4 za jua kamili. Gawa 480 kwa 4, utapata paneli ya wati 120. Wao walinunua ya 150.

Mosocho, kwa bahati, ina mambo yanayolisaidia jua. Iko karibu sana na ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Na paneli hupenda mwanga lakini huchukia joto. Kadiri inavyochemka ndivyo nguvu inavyopungua, basi baridi ya vilima ni baraka. Ama kuhusu mvua ya mawe, paneli iliyofuzu vipimo vya kimataifa hujaribiwa kwa kupigwa vipande vya barafu vya upana wa milimita 25 vikienda kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Uliza kama yako imefuzu kabla ya kulipa.

Mengine ya kuzingatia ni haya. Kivuli cha jani moja la mgomba chaweza kuiba sehemu kubwa ya nguvu, kwa hiyo paneli iwekwe mahali peupe. Ilazwe kwa mteremko kidogo ili mvua iioshe. Kwa kuwa Kisii radi ni za kweli, fremu iunganishwe na waya wa ardhi. Fundi naye awe na leseni ya EPRA, halmashauri inayosimamia kawi nchini.

Kubwa kuliko yote ni betri. Paneli hudumu zaidi ya miaka 20, lakini betri ndiyo hufa mapema. Betri ya gari isitumiwe, maana imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya risasi na asidi isitumiwe kupita nusu. Ili kuvuka siku mbili za mawingu, jamaa hii ingehitaji betri kama hiyo ya volti 12 na ampea-saa 110 au zaidi. Ya lithiamu ni ghali zaidi mwanzoni, lakini huruhusu kutumiwa zaidi na hudumu miaka mingi kuliko ile.

Na usisahau kwamba mtambo mdogo una mipaka. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa hula wati-saa 500, zaidi ya mahitaji yote ya siku tuliyoyataja. Mama wa nyumba bado anapiga pasi kwa makaa.

KIFUNGUA MIMBA NA KAZI YAKE

Je, ufundi wa kijana ulipotea bure? La hasha. Ndiye aliyechomelea fremu imara ya paneli, iliyoinuliwa palipo wazi mbali na migomba, na kukita chuma cha waya wa ardhi. Mlingoti wa mita 30 haukuhitajika, wala ruhusa ya jirani.

Ng'ombe hajarudi. Mama huyo sasa hununua maziwa kwa jirani, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyezoea kukama mwenyewe. Lakini alinionyesha binti yake mezani, daftari limefunguliwa, saa 4 usiku, hakuna moshi. Akasema hesabu yake ilikuwa hiyo tangu mwanzo.

Huenda wewe, msomaji, waishi Ngong, Marsabit au mahali pengine ambapo kitambaa hunyooka asubuhi, mchana na usiku. Jibu lako laweza kuwa tofauti na la Mosocho, au hata ukachanganya vyote viwili. Usiazime jibu la mtu mwingine, wala la filamu. Leso kuukuu na daftari havina gharama. Vitumie kwanza, ndipo umfungue ng'ombe kamba.