Je, Wajua? Sanduku la Matumaini Lilivyohamia Kwenye Simu

Je, wajua kuwa programu ya simu inayotumiwa na askari wastaafu wa Marekani kukabiliana na mawazo ya kujiua ilianza kama boksi la viatu?

Kwa miaka mingi, wataalamu wa saikolojia wamekuwa wakiwashauri wagonjwa waliokata tamaa watafute boksi na kulijaza vitu vinavyowakumbusha sababu ya kuishi: picha ya mtoto, barua ya mama, kaseti ya wimbo waupendao. Huliita sanduku la matumaini. Siku moyo unapozama, mgonjwa hulifungua.

Lakini kwa nini mtu ahitaji boksi ili amkumbuke mwanawe? Mwaka 1986, watafiti wa Uingereza Mark Williams na Keith Broadbent waliwapa watu waliokuwa wamejaribu kujiua neno moja moja, wakawaomba wataje tukio mahususi la maishani mwao linalohusiana na neno hilo. Wengi walijibu kwa jumla jumla tu, na maneno ya furaha ndiyo yaliyowachukua muda mrefu zaidi. Mema ya maisha yao hayakuwa yamefutika. Yalikuwemo, ila akili iliyozidiwa haikuweza kuyafikia. Sanduku humkumbukia mtu pale anaposhindwa kukumbuka mwenyewe.

Kasoro yake ni kwamba hukaa nyumbani. Mlango ukibamizwa dukani, askari aliyetoka vitani na kiwewe anaweza kujiona amerudi kwenye milio ya risasi, na boksi liko chini ya kitanda. Ndipo watafiti wa kituo cha jeshi la Marekani cha tiba kwa njia ya mtandao, katika jimbo la Washington, wakiongozwa na Nigel Bush, walipolihamishia kwenye simu. Programu hiyo, Virtual Hope Box, ilitolewa mwaka 2014, bila malipo.

Ndani yake mna vyumba kadhaa. Kimoja ni cha kumbukumbu: picha, video, muziki na sauti zilizorekodiwa. Usiku wa manane, aliyeamshwa na jinamizi anaweza kubonyeza kitufe akamsikia binti yake akimwita baba. Kingine kina michezo ya kuhamisha mawazo, kama sudoku na mafumbo ya maneno. Kipo pia cha kutuliza mwili, ambamo mtumiaji hupanga mwenyewe sekunde za kuvuta pumzi, kuizuia na kuitoa. Halafu kuna kadi za kukabiliana na hali: anaandika tatizo linalomrudia, na hatua za kuchukua likimjia.

Je, inasaidia? Katika jaribio lililohusisha maveterani 118 waliokuwa kwenye matibabu, baadhi walipewa programu hii na wengine maandishi ya ushauri yaliyochapishwa. Baada ya majuma 12, waliopewa programu walijiona wana uwezo mkubwa zaidi wa kuhimili hisia na mawazo machungu. Hata hivyo, katika mawazo yenyewe ya kujiua, tofauti ya wazi baina ya makundi haya mawili haikuonekana. Kwa hiyo, simu haichukui nafasi ya daktari wala ya mwenzako wa kikosi anayekuja kukujulia hali. Hali ikiwa ya hatari, msaada ni sauti ya binadamu: veterani aliye Marekani hupiga 988, kisha hubonyeza 1.

Na chumba cha kumbukumbu cha programu hii huja kitupu. Kukijaza ni sehemu ya tiba, tena hufaa kufanywe siku ya utulivu, mgonjwa akiwa ameketi na mshauri wake. Picha moja baada ya nyingine, wanaulizana: hii inakupa nguvu, au inakutonesha kidonda? Picha ya kikosi yaweza kuwa na sura ya rafiki asiyerudi. Hiyo huenda ikaachwa kwanza. Ya binti siku yake ya kwanza shuleni inaingia. Akiba haiozi, na hii inawekwa na mtu aliye na nguvu leo kwa ajili yake mwenyewe, siku atakapokuwa hana.